Alama ya Kichwani: Lini Twende kwa Daktari wa Ngozi?



Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Leo tuichukue methali hii kama ilivyo. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba Aristotle aliupa uwezo wa kuona nafasi ya kwanza kati ya milango ya fahamu. Hata hivyo, hakuna jicho linaloona utosi wa mwenye jicho. Alama ikiota katikati ya nywele, wa kwanza kuiona ni kinyozi, msusi, mwenzi wa ndoa au mama anayemwogesha mwanawe.

Tunapokuwa likizo kwenye vigango vya Karatu na Ngorongoro, huwa tunaulizwa: "Frateri, hiki kidoa ni cha kwenda hospitali au tukiache?" Sisi si madaktari, lakini yapo mambo ambayo kila mwanajumuiya anaweza kuyajua.

Kwanza, tusiogope kila kidoa. Kidoa cheusi au cha kahawia ambacho mtu amekuwa nacho kwa miaka mingi, chenye umbo la duara, rangi moja na kisichobadilika, kwa kawaida hakina madhara. Mapunye ya watoto, na vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyowatokea wanaonyoa nywele hadi chini kabisa, vinahitaji tiba lakini si saratani.

Neno la kushika ni moja: mabadiliko. Mtu aende kuonwa iwapo alama ya kichwani:

1. Inakua, au imeota upya ukubwani na haifanani na alama nyingine za mwili wake.
2. Upande mmoja haulingani na mwingine, au kingo zake zimechongokachongoka.
3. Ina rangi zaidi ya moja: nyeusi hapa, kahawia pale, nyekundu kwingine.
4. Imezidi milimita 6, yaani kama upana wa kitako cha penseli.
5. Inawasha, inauma, au inatoa damu bila kukwaruzwa na kitana au wembe.
6. Ni kidonda kisichopona kwa wiki nne.

Si lazima dalili zote zionekane. Moja yatosha kwenda kuuliza. Kama una simu, piga picha ukiweka rula pembeni, ili daktari aone alama ilivyokuwa. Ila inayotoa damu au inayokua haraka haisubiri picha ya pili.

Pili, tujue nani yuko hatarini zaidi. Ndugu zetu wenye ualbino hawana melanini ya kutosha, ile rangi ya ngozi inayopunguza makali ya mionzi ya jua. Kwao saratani mara nyingi haianzi kama kidoa cheusi. Huanza kama gamba linalokwaruza au kidonda kidogo kichwani, usoni, masikioni au shingoni. Kwa hiyo kidonda cha namna hiyo kisipewe hata zile wiki nne. Mwenye kovu la zamani la moto naye awe macho: kovu likifumuka na kuwa kidonda kisichofunga, lionwe. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, saratani iitwayo melanoma hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha mguu. Basi tukikagua kichwa, tukague na nyayo.

Mazingira yetu nayo yana neno. Mji wa Karatu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepita mita 2,200. Kila tunapopanda mita 1,000, mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Baridi ya Ngorongoro hutudanganya: mtu amejifunika shuka kwa ubaridi, huku kichwa kinaungua. Anayelima vitunguu Mang'ola na anayechunga ng'ombe Endulen wote wanahitaji kofia ya pama. Kapelo haifuniki masikio wala shingo.

Tatu, tusiikate alama wenyewe. Wembe, uzi wa kuifungia na tindikali ya kuichoma huondoa kinachoonekana na kuacha mzizi. Tena wembe wa kushirikiana huambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Hospitalini mgonjwa hupigwa ganzi, alama hukatwa, na kipande hupelekwa maabara. Hapo ndipo ukweli hujulikana. Alama ikiwa bado ndogo, mara nyingi kazi hiyo humalizika siku hiyohiyo. Ikichelewa hadi saratani kuingia kwenye mfupa wa fuvu au kwenye tezi za shingo, tunazungumzia upasuaji mkubwa, na pengine maisha ya mtu.

Twende wapi? Tuanzie zahanati ya karibu, hospitali za Karatu, au Hospitali ya Endulen ya Jimbo Kuu la Arusha, tuombe rufaa. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, chenye madaktari bingwa. Mafuta ya Kilisun, ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, yalianzia hapohapo.

Kutoka Karatu hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200, na wengi hukwama kwenye nauli. Jumuiya zetu huchangia misiba bila kusitasita. Tuchangie pia nauli ya mgonjwa angali hai. Nanyi vinyozi na wasusi, mkiona alama msiyoielewa, msinyamaze; mwambieni mteja kwa upole, faraghani. Huenda ni ninyi peke yenu mlioiona.