Tuwaonyeshe watoto Kilimia

Mwezi huu wa Januari, saa mbili usiku, tokeni na watoto mtazame juu, upande wa kaskazini. Hapa Nyarutarama taa ni nyingi, basi tafuteni kona yenye giza. Kile kifungu kidogo cha nyota ni Kilimia. Jina limetoka kwenye kulima, maana wakulima walijulia majira kwacho. Watoto wahesabu wenyewe: wengi huona sita, ingawa zote zapita 1,000.

Wagiriki wa zamani walisema ni dada saba, walikimbizwa na mwindaji Orion. Mmoja, Elektra, alijificha asione Troya, mji wa wajukuu zake, ukiungua. Darasani kwetu hadithi hiyo ndiyo iliulizwa maswali mengi, tena na wale wasiosemaga kitu.