Wimbo wa Injili katika Masikio ya Songea: Mkazo, Msamiati na Nafsi

Neno muziki ni la kukopa, na katika Kiswahili cha kanisani bado halijapata makao. Mkristo wa Songea aghalabu husema nyimbo, uimbaji au kwaya. Asemapo muziki, humaanisha zaidi vyombo, vipaza sauti na dansi. Hata yule anayetunga na kuziimba nyimbo za injili hupenda kuitwa mwimbaji, pengine mtumishi, kuliko mwanamuziki, ingawa vyombo vyake na mapigo yake havitofautiani sana na vya bendi ya dansi. Neno injili nalo lina utata wake. Kwa Wakatoliki, ambao ndio walio wengi miongoni mwa Wakristo wa nchi hiyo, Injili ni somo la Misa, na wimbo unaolitangulia huitwa shangilio. Wimbo wa injili kwa maana ya siku hizi ni kitu kingine kabisa: ni wimbo wa mtu mmoja mwenye jina na picha yake, uliorekodiwa studio, unaopigwa redioni, dukani, katika simu ya mkononi, na katika basi liendalo Mbinga au Tunduru.

Wausikilizao wimbo huo wana hisia mbili zisizopatana. Huupenda, nao huutilia shaka. Ni desturi kuieleza hali hii kuwa ni ugomvi wa wazee na vijana, au wa makanisa ya zamani na yale ya kipentekoste. Maelezo hayo yana ukweli kidogo tu. Mama yule yule anayepukuchua mahindi yake Jumamosi akifuatisha sauti ya Rose Muhando au ya Christina Shusho, kesho yake akiusikia wimbo ule katika Misa ataona kwamba haukufaa mahali pale. Mgawanyiko umo ndani ya msikilizaji mmoja. Ukichunguzwa kwa jicho la mwanaisimu, yaonekana kwamba sehemu kubwa ya mgawanyiko huo haitokani na ngoma wala gitaa. Yatokana na lugha: mahali pa mkazo, asili ya msamiati, na nafsi inayosema.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi nyimbo zilivyofika. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianza misheni ya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, mwaka 1898. Misheni hiyo iliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa tena, na baadaye ikawa na abasia, shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vya sala vilisambaa mbali sana. Upande wa Ziwa Nyasa, Waanglikana wa UMCA walikuwa na kituo chao Liuli. Pande zote mbili zilileta sauti za Ulaya, na zikazitafutia maneno ya Kiswahili. Ngoma za wenyeji, lizombe ya Wangoni ikiwa miongoni mwao, zilitazamwa kwa mashaka na kuachwa nje ya mlango wa kanisa.

Swali la kama ziingie au zisiingie halikungoja vijana wa leo. Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu huko Uswisi mwaka 1963. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia. Hati hiyo yenyewe ina vichwa viwili: katika fungu la 116 yaupa uimbaji wa Kigregori nafasi ya kwanza, na katika fungu la 119 yaagiza kwamba muziki wa watu wa nchi za misheni uheshimiwe na kupewa nafasi ipasayo. Msikilizaji wa Songea asiyejua achague lipi hana haja ya kuona haya. Tangu hapo ngoma na kayamba vimeingia kanisani, na kwaya zimejaa tungo za Watanzania wenyewe, zikisomwa kwa do re mi. Hatimaye, mwaka 1996, Radio Maria Tanzania ilianza kurusha matangazo yake kutoka Songea, kabla ya makao yake kuhamia Dar es Salaam. Nyimbo za kanisa zikaingia jikoni na shambani, zikaketi pamoja na nyimbo za vituo vingine vyote.

Sasa lugha yenyewe. Kiswahili huweka mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Yaliyo kinyume ni machache mno. Mfano upendwao na walimu ni barabara ipitayo magari na barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo hutofautishwa kwa mkazo tu. Nyimbo nyingi za Ulaya, kwa upande wake, zimejengwa juu ya mapigo mawili mawili, la kwanza dhaifu na la pili zito, na mstari huishia katika pigo zito. Kwa kuwa silabi ya mwisho ya neno la Kiswahili haina mkazo, isipokuwa neno lenyewe liwe la silabi moja, kila mstari wa namna hiyo humlazimisha mwimbaji kuishindilia na kuivuta silabi isiyostahili: Bwana huwa bwaNA, na mwokozi huwa mwokoZI. Mwanzoni mwa mstari, jambo hutegemea urefu wa neno. Lenye silabi tatu, kama mwokozi, hukaa vizuri, maana mkazo wake wa kawaida hukutana na pigo la pili. Lenye silabi nne, kama tumwimbie, hupinduka lote, likasikika tuMWImbiE. Hakuna ustadi wa mfasiri uwezao kuiondoa dosari hii maadamu sauti yenyewe haikuguswa.

Tena lugha za wafasiri zilikuwa na maneno mafupi mafupi mengi, na Kiswahili kina vitenzi virefu. Basi viambishi vilikatwa, wakati wa -a- ukachukua mahali pa -na-, na maumbo kama waja, ndiwe, yu hai na u nasi yakapewa kazi kubwa kuliko waliyo nayo katika mazungumzo. Jina lenyewe la kitabu kilichoenea kuliko vyote miongoni mwa Waprotestanti, Tenzi za Rohoni, lina jambo la kuchekesha kwa mtu wa arudhi: kwa kipimo cha washairi wa pwani, chenye mizani minane na kina cha mwisho kilicho kimoja tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, nyimbo zile si tenzi hata kidogo.

Lakini masikio hayahukumu kwa arudhi. Mtoto aliyekua akisikia bwaNA kila Jumapili, na Bwana siku nyingine sita, alijifunza bila kufundishwa kwamba kuna Kiswahili cha Mungu na Kiswahili cha sokoni. Ugeni wa matamshi uligeuka kuwa heshima. Hili ndilo wanaloomboleza wengi wasemapo kwamba nyimbo za siku hizi hazina uzito: wamepokonywa umbali fulani uliokuwa kati ya kinywa cha sala na kinywa cha mazungumzo, na umbali huo uliletwa na ajali ya tafsiri. Kuijua asili yake hakuufanyi kuwa bure. Mambo mengi yaliyo matakatifu katika lugha za watu yalianza kwa ajali.

Jambo la ajabu ni kwamba uimbaji mkongwe kuliko wote haukuwa na kosa hili kwa kiasi hicho. Uimbaji wa zaburi kwa namna ya Kigregori hauna mapigo yaliyofungwa; sauti hukaa juu ya noti moja, neno likapita kwa mwendo wake, kisha hushuka mwishoni. Katika abasia ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957, zaburi huimbwa kwa Kiswahili, na mkazo hukaa mahali pake bila kulazimishwa. Nyimbo zilizovunja mkazo ni zile za beti, zilizopendwa kuliko zote.

Wimbo wa injili wa siku hizi umeurudisha mkazo nyumbani. Umetungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Noti ndefu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sentensi huwa ndiyo ile ile ambayo mtu angeisema akiwa na shida au furaha. Ufikapo sehemu ya mwendo wa haraka, yenye magitaa ya Kikongo, maneno hupungua yakabaki mawili matatu yanayorudiwa, na mwili hufuata. Hapo ndipo penye furaha, na hapo hapo ndipo penye wasiwasi. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alikiri mashaka ya namna hii: aliogopa kwamba sauti ilimgusa kuliko neno lililoimbwa, lakini hakuthubutu kuukataza uimbaji ambao zamani ulimtoa machozi. Msikilizaji wa Songea ana tatizo hilo na jingine juu yake. Kwake neno limerahisika mno, likaingia kabla hajapata kulipima.

Msamiati ndio unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Nyimbo hizi zimeyapa nguvu mpya maneno kadha wa kadha: kibali, upenyo, viwango, kuinuliwa. Kibali si kigeni katika Maandiko. Limo katika Mithali ya tafsiri ya mwaka 1952, kwa maana ya kupendeza mbele ya Mungu na wanadamu. Lakini katika mkoa unaoishi kwa mahindi na kahawa, kibali ni karatasi yenye mhuri. Ni ruhusa ya kujenga, ya kuvuna mbao, ya kupitisha mazao mpakani. Aimbapo mtu kwamba amepata kibali, maana zote mbili husikika pamoja, na ile ya ofisini ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yake. Upenyo ni neno la mtu aliyesongwa. Hutaja nafasi nyembamba ya kupita palipozibwa. Viwango ni neno la vipimo na vyeo. Yakiunganishwa, maneno haya huchora dunia ambamo Mungu hufungua milango iliyofungwa na mameneja, majirani na jamaa.

Wako wanaoyadharau maneno haya kwa kuyaita ya biashara. Dharau hiyo ni nyepesi. Neno neema na neno rehema yalikuwa nayo ya watu wenye haja kwa watu wenye uwezo. Mkulima ambaye mahindi yake yamekaa ghalani akingoja bei hakosei kuitafutia shida yake jina katika sala. Lililo zito ni kwamba maneno mengine hupungua yale yanapoongezeka. Dhambi, toba, msalaba na majuto, yaliyozijaza nyimbo za kale, husikika mara chache zaidi katika nyimbo zipendwazo redioni. Na msikilizaji hulitambua pengo hilo hata asipoweza kulitaja.

Laja mwisho suala la nafsi. Wimbo wa kwaya kwa kawaida husema sisi. Wimbo wa injili husema mimi: mimi niliyedharauliwa, niliyeinuliwa, ambaye adui zangu wameona aibu. Anayeushutumu kwa ajili hiyo sharti azijibu Zaburi, maana nyingi kati yake zimesemwa na mtu mmoja mwenye adui tele. Tofauti yaonekana katika namna ya kuimba. Mimi ya Zaburi haina uso. Huimbwa na upande huu wa kanisa na upande ule kwa zamu, kila kinywa kikaikopa kwa muda, hata aliye na afya akaomboleza pamoja na mgonjwa. Mimi ya wimbo wa injili ina uso wake katika picha ya video, ina nguo yake na safari yake. Msikilizaji anaweza kuishangilia, kuitamani, hata kulia pamoja nayo. Kuikalia ndani ni vigumu zaidi. Imani Sanga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Gregory Barz wa Marekani wamechunguza kwa urefu muziki wa injili na kwaya za Tanzania. Suala hili la nafsi, lililo la sarufi kabla ya kuwa la teolojia, bado lina kazi kwa wanaisimu.

Na sarufi imewapa wanakwaya mlango wa pembeni. Kiambishi ni- na kiambishi tu- vina silabi moja kila kimoja. Mimi na sisi, wangu na wetu, zina silabi mbili mbili. Umenitoa huwa umetutoa, na hakuna noti inayoongezeka wala kupungua, wala mkazo kuhama. Kwa hiyo wimbo wa mtu mmoja waweza kuingizwa kanisani kwa kubadili silabi chache tu, na kwaya hufanya hivyo, mara nyingi bila kulitangaza. Aliyesita Jumamosi huimba Jumapili bila shida. Kinachokwama ni neno moja. Adui zangu hubadilika kuwa adui zetu kwa urahisi ule ule wa mizani. Lakini mwenye kuimba peke yake jikoni alijua ni nani aliyemtaja, na katika benchi la kanisa mtu huyo huenda ameketi safu ya mbele, naye anaimba.