Eafoni za Kutwa: Unalipa Nini, Sikio Linapata Nini

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti huniletea sauti walizorekodi vijijini, nami nakaa nyumbani Sakina kuzigeuza maandishi, saa saba kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa miaka minne nimenunua eafoni za kila namna hapa Arusha. Nyuma ya daftari langu la mahesabu nimeandika bei ya kila moja, siku niliyoinunua na siku iliyokufa. Nikiyasoma maandishi hayo leo naona jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia: kinachoamua kama sikio litavumilia kutwa nzima ni kile kimpira kidogo cha mwishoni. Jina lililoandikwa kwenye boksi lina sehemu ndogo sana katika jambo hili.

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, nao haukunyooka, umepinda kama herufi S. Sehemu ya nje imejengwa kwa gegedu, ina vinyweleo na tezi za nta. Ukiingia ndani zaidi unakuta ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa, na hapo hata kuguswa kidogo kunauma. Kimpira kikubwa kinalisukuma gegedu kutwa, ikifika saa nane mchana sikio linapwita. Kikiwa kidogo, eafoni inateleza, unaisukuma ndani, inateleza tena, unaisukuma tena, mpaka inafika pale penye mfupa. Hayo ni maumivu mawili tofauti, lakini wote tunasema tu kwamba eafoni zinaumiza, tunazitupa na kununua nyingine zenye kosa lilelile.

Mimi nilichelewa miaka miwili kugundua kwamba masikio yangu hayalingani. Kulia navaa kimpira cha kati, kushoto kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa nikivaa vya kati pande zote kwa sababu ndivyo vilivyokuja vimevalishwa, na sikio la kushoto lilikuwa linawasha kila Alhamisi kama lina saa yake. Vile vimpira vya akiba vilikuwa ndani ya boksi siku zote, kwenye kifuko cha nailoni ambacho sikuwahi kukifungua.

Namna ya kupima ni rahisi. Livute sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono wa upande wa pili, ingiza eafoni, achia. Kisha tafuna kitu. Gegedu la sikio hucheza taya linapocheza, kwa hiyo eafoni iliyokaa vizuri ukiwa kimya inaweza kuchomoka au kuanza kubana ukila. Mimi hutumia muhogo au hindi la kuchoma. Ikivumilia hindi zima, itavumilia kazi.

Sasa bei. Za waya za machinga, pale Stendi Ndogo na Kilombero, nimezinunua kwa shilingi 3,000 hadi 5,000. Za 5,000 hunikalia miezi miwili, ndipo waya unakatikia karibu na pini na upande mmoja unanyamaza. Hiyo ni 2,500 kwa mwezi. Za waya za dukani nilizolipia 15,000 zilidumu miezi kumi, yaani 1,500 kwa mwezi, nazo zilikuja na vimpira vya saizi tatu. Za blututhi za kuning'inia shingoni zilinigharimu 35,000 na zikaishi miezi kumi na minne: 2,500 kwa mwezi, sawasawa na zile za machinga. Zile ndogo zisizo na waya kabisa, zenye kiboksi cha kuchajia, nilizinunua kwa 65,000. Baada ya miezi kumi na minane betri ya upande wa kulia ilikuwa haifiki hata saa moja na nusu, nikaziacha. Hiyo ni zaidi kidogo ya 3,600 kwa mwezi. Anayesikiliza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni atapata hesabu nyingine, maana betri yake haitachoshwa kama yangu.

Kwa raha ya sikio, zile za 65,000 ndizo zilizonichosha mapema kuliko zote. Uzito wake wote unabebwa na sikio lenyewe, betri ikiwemo, na mimi si mtu wa kutulia kwenye kiti. Za shingoni uzito unalala shingoni, sikio linabeba kipande chepesi tu. Kwa anayevaa hijabu au kilemba nazo zina faida kuliko hedifoni kubwa za kufunika masikio, ambazo zinagombana na kitambaa, na misuko, na miwani. Hedifoni kubwa hazigusi mfereji wa sikio kabisa, na kwa mwenye masikio yanayowasha hilo ni jambo kubwa, ila Januari na Februari jasho linatiririka chini ya ile mito yake.

Na Julai, baridi ya Meru inaposhuka, kuna kosa linalotupata wengi huku: unavaa mzula juu ya eafoni. Sufu inazibana zinaingia ndani kuliko zinavyotakiwa, na wewe unadhani ni baridi inayouma sikio. Pandisha mzula juu ya masikio ukiwa unasikiliza, au vaa zile za wazi.

Za wazi ni zile za plastiki tupu zisizo na kimpira, zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuziba. Apple walitoa EarPods mwaka 2012, na tangu hapo umbo lile limeigwa hadi kwenye meza za machinga. Sikio linapumua, na sauti yako mwenyewe haivumi kichwani kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Tatizo lake ni kelele. Ndani ya kifodi cha kwenda Ngaramtoni, injini inanguruma na konda anagonga bati, utaongeza sauti mpaka mwisho bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Mimi kwa saa zangu 42 nimeshapita hata nikiwa kwenye 80, kwa hiyo lazima nikae chini yake. Zenye kimpira kinachoziba vizuri zinanisaidia kwa hilo, kwa kuwa kelele ya nje imepungua na sina haja ya kushindana nayo.

Ndiyo maana naweka hela kwenye vimpira. Vya silikoni unaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa, maana unyevu uliofungiwa sikioni unaleta fangasi na usaha. Vya sponji unaviminya kwa vidole, unaingiza, vinatanuka polepole vikifuata umbo la sikio lako. Havina mfano kwa raha, lakini vinanyonya nta na jasho na haviosheki vizuri. Niliviagiza Dar kwa basi, jozi tatu kwa 12,000, kila jozi miezi miwili. Ukijumlisha na eafoni za 15,000 unapata 3,500 kwa mwezi, pungufu ya zile zisizo na waya.

Jambo moja nililichukua kwa wakalimani. Mji huu umewazoea: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa hapa, kwenye kituo cha mikutano cha AICC, kuanzia 1995 hadi 2015, na leo ipo Mahakama ya Afrika na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkalimani anayefasiri papo kwa papo mara nyingi huacha sikio moja wazi, au nusu wazi, aisikie sauti yake mwenyewe. Nami kazi ikiwa nyepesi navaa upande mmoja, nikimaliza saa moja nabadilisha.

Jirani yangu fundi cherehani aliniuliza anunue zipi za kusikilizia redio akiwa mashineni. Nikamshauri za wazi, za waya, za 5,000, kwa sababu lazima amsikie mteja akibisha hodi. Alizivaa dukani, akachukua hindi kwa muuza mahindi wa nje, akalila lote mbele ya muuzaji, ndipo akatoa hela.