Kabla Hujatuma Hela ya Fensi: Je, Gari la Zimamoto Litafika Nyumbani Kwako?

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alitutumia video ya nyumba yake iliyoko Chanika, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kaka yake alikuwa anatembea na simu mkononi, kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni. Nyumba imeshafika kwenye lenta. Swali lake kwetu lilikuwa jepesi: hela ya miezi sita ijayo aitangulize kwenye bati au kwenye fensi, maana majirani wote wameshazungushia kuta?

Tuliiangalia video mara tatu, na kilichotushtua hakikuwa nyumba, ni njia. Inaanza pana, inapinda kona moja, inabanwa na kuta pande zote mbili, kisha inakufa. Tukamwuliza, dada, njia hii inatokea wapi? Akajibu, haitokei, mwisho ni kwangu. Hilo alilipenda, kwa sababu hapiti mtu wala bodaboda, na wezi watakosa pa kukimbilia.

Tukamwomba kaka mtu arudi na futi ya fundi. Mwanzo wa njia ni mita 4. Kwenye kona, ambapo jirani amejenga ukuta ukaivuka bikoni yake, ni mita 2.7.

Sasa tufanye hesabu. Gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5 hivi ukiacha vioo vya pembeni, na lina urefu wa lori. Kwenye njia iliyonyooka ya mita 2.7 dereva hodari anaweza kujikamua, lakini kwenye kona hapiti, kwa sababu matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Na akishapita, milango ataifungua vipi ili askari washuke na mipira?

Mliopo Uingereza mnaishi kwenye nchi iliyoyaandika mambo haya. Mwongozo wa ujenzi wa England unataka gari la zimamoto liweze kusogea mpaka mita 45 kutoka sehemu yoyote ya ndani ya nyumba. Barabara iwe na upana wa mita 3.7, geti mita 3.1, na gari lisilazimike kurudi nyuma zaidi ya mita 20. Njia isiyotokea ikizidi hapo, lazima pawe na sehemu ya kugeuzia. Marekani, miji mingi inayofuata kanuni ya kimataifa ya moto inataka upana wa futi 20, yaani mita 6 na ushee, na njia isiyotokea ikizidi futi 150 iwekewe mahali pa kugeuza.

Watu wengi wanadhani kugeuza ni starehe ya dereva. Hapana. Gari la kwanza likiingia na kumaliza maji yake, linatakiwa kutoka ili la pili liingie, au boza lisogee kulijazia. Kwenye kichochoro kilichofungwa, gari la kwanza ndilo linalokuwa kizibo. Nyuma yake wanajazana majirani, bodaboda na wapiga picha, na kurudi kinyumenyume kwenye moshi usiku ni kazi ngumu mno.

Kwa hiyo tulimwambia dada: bati tangulize, fensi subiri. Si kwamba fensi ni mbaya, ila ukuta ukishasimama hausogei. Kwanza kaka aende serikali ya mtaa na majirani wale wanne, mchoro wa upimaji mkononi, waulizwe njia kwenye ramani ni mita ngapi. Kama ni mtaa uliorasimishwa, upana mara nyingi ni ule majirani wenyewe waliokubali kuuacha, kwa hiyo mazungumzo ndiyo dawa. Hakuna haja ya kuuvunja ukuta wote wa jirani. Kona ikikatwa mshazari gari linapata pa kupindia. Na yeye mwenyewe, akirudisha fensi yake ndani mita 1.5 kwenye upande wa mbele wenye mita 20, anatoa mita za mraba 30. Alinuna kwanza. Kiwanja amekilipia kwa miaka mitatu ya kulea watoto wa watu, halafu sisi tunamwambia agawe! Lakini kipande hicho ndicho kitakuwa sehemu ya kugeuzia, na hata boza la maji na lori la mchanga vitakitumia. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe mbele ya mwenyekiti, na nakala zipigwe picha zitumwe Muscat.

Je, ikishindikana kabisa? Nchi zilizoendelea zina jibu moja: kama gari halifiki vizuri, nyumba ijizimie yenyewe. Ndiyo zile springla za darini. California inazidai kwenye kila nyumba mpya ya familia tangu 2011, na Wales tangu 2016. Wewe uliyefunga mabomba mekundu kwenye maghorofa ya Doha au Dubai unazijua kuliko sisi. Unajua pia kwamba haziachii maji zote kwa pamoja kama kwenye filamu. Kinafunguka kile kichwa kilichopata joto.

Tumempigia dada hesabu hiyo. Kichwa kimoja cha nyumbani kinamwaga kama lita 50 kwa dakika. Vichwa viwili kwa dakika 10 ni lita 1,000, na simtanki la lita 2,000 linatosha. Tatizo ni presha. Tanki lililo juu ya mnara wa mita 6 linatoa presha ya takriban 0.6 bar tu, ambayo ni ndogo kwa springla nyingi. Hapo unahitaji pampu, na pampu inataka umeme. Moto wa nyumbani mara nyingi unaanzia kwenye umeme, na jambo la kwanza unalofanya ni kuzima swichi kubwa. Pampu nayo imekufa. Labda uivutie laini yake peke yake, au ununue ya petroli ambayo kuna mtu wa kuiwasha kila mwezi. Kama nyumbani yupo mama mzee na wajukuu, tunasema wazi: springla isiwe ya kwanza kwenye orodha yako.

Cha kwanza ni grili. Madirisha yetu tumeyafunga nondo dhidi ya mwizi, na nondo hizo hizo zinamzuia mtoto asitoke. Mwambie fundi kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba, inafunguka kwa ndani bila ufunguo wa kutafuta gizani. Uwazi uwe angalau sentimita 45 kwa 75, na kizingiti cha chini kisizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Kabla grili haijachomelewa, gharama ya nyongeza ni bawaba na komeo. Baada ya hapo ni kuvunja na kuanza upya.

Pili ni kengele za moshi, moja kwenye korido ya vyumba na moja sebuleni. Jikoni weka ya joto, la sivyo kila ukikaanga samaki italia na watu wataing'oa betri. Hizi unaweza kuja nazo ukirudi likizo, ni nyepesi. Tazama tarehe nyuma yake, kwa kuwa baada ya miaka 10 inabadilishwa. Mtungi wa kuzimia moto usithubutu kuupakia kwenye begi, ndege hazipokei. Nunua nyumbani wa poda wa kilo 6, na ujue unakwisha ndani ya sekunde zisizofika 30. Ni wa moto mdogo wa kuanzia.

Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kibanda chenye hewa. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni, na umwombe picha za kila bomba la waya kabla ya plasta. Na lile simtanki lipe koki ya nje na mpira unaofika mpaka chumba cha mwisho. Maji ya mnara hayaendeshi springla, lakini yanazima godoro.

Wiki iliyopita kaka amepima tena. Jirani wa kona amekubali kukata ukuta, na mahali palipokuwa na mita 2.7 sasa pana 3.9. Gharama ya fundi wamegawana, dada ametuma nusu. Fensi yake haijaanza. Juu ya mlango wa jikoni ametaka iandikwe kwa rangi namba ya zimamoto, 114, na chini yake jinsi ya kuelekeza: shuka lami, kona ya pili kulia, nyumba ya mwisho.