Motaboti Kuukuu, Farumi na Wimbi la Kuchezea

Ntinda ni mtaa usio na ufuo. Umekaa nchi kavu, kaskazini-mashariki ya Kampala, katika Divisheni ya Nakawa, jirani na Naguru yalipo makao makuu ya Polisi ya Uganda. Mtu atokaye huko akitaka kuyaona maji ya Ziwa Nalubaale hana budi kuteremka kupitia Nakawa na Luzira mpaka afike Port Bell. Hata hivyo, kazi kubwa za vyombo vya majini hufanyika nchi kavu. Fundi wa kuchomea vyuma, fundi wa injini na mshonaji wa maturubali hawahitaji kuliona ziwa. Wahitaji tu kuletewa chombo juu ya trela. Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu askari juu ya jambo liwezalo kuonekana kuwa ni anasa tupu: kuigeuza motaboti kuukuu ya kuvutia watu majini ili itoe mawimbi makubwa ya kutelezea.

Mchezo wenyewe haujazoeleka sana kwetu. Ule wa zamani ni wa mtu kuvutwa kwa kamba ndefu, miguuni amevaa mbao, huku chombo kikienda mbio hata kufikia kilomita 58 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ya wanaume katika mashindano ya kukata kona kati ya maboya. Huu mpya ni mwingine kabisa. Mtu husimama juu ya ubao mfupi, huvutwa mpaka ainuke, kisha huitupa kamba ndani ya chombo na kuteleza juu ya wimbi litokalo nyuma yake, mita mbili au tatu tu kutoka tezini. Chombo huenda polepole, kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Hakuna kinachomvuta tena. Anateremka mlima wa maji usiokwisha, maadamu dereva hapunguzi mwendo.

Hapo ndipo fundi anapokutana na kitendawili. Motaboti za kuvutia watu zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980 zilikusudiwa zisifanye wimbi. Bingwa aliyekuwa akipita kwa kasi nyuma ya chombo alitaka maji yaliyolala kama mkeka, kwa maana kituta kidogo tu chaweza kumwangusha. Kwa sababu hiyo waundaji walikifanya chombo kiwe chepesi, tumbo lake wakalibapaza, na injini wakaiweka katikati. Leo mwenye chombo hicho hicho ataka kinyume chake, na fundi yampasa kupingana na akili ya yule aliyekiunda.

Siri yote ni uzito. Chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kanuni hii aliieleza Archimedes zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chombo chepesi chenye kasi hupanda juu ya maji na kuyaparuza tu. Chombo kizito chenye mwendo wa wastani hukaa chini, huinua omo, na kuchimba shimo nyuma yake. Maji yanayokimbilia kulijaza shimo hilo ndiyo wimbi. Mabaharia wa majahazi ya pwani wanaujua uzito wa namna hii tangu kale, ingawa kwa kusudi jingine: jahazi lisilo na shehena lilitiwa farumi ya mawe au mchanga ili litulie. Fundi wa motaboti hutumia maji, kwa kuwa hupatikana pale pale ziwani na hutupwa pale pale kazi ikiisha. Hutandaza mifuko minene ya turubali la plastiki sakafuni na tezini, akaijaza kwa pampu ya umeme wa volti 12. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mfuko wa lita 300 ni sawa na watu wazima wanne na zaidi waliolala kimya ndani ya chombo, wasioonekana na mtu awaye yote.

Askari aliyewahi kuendesha lori la maji ataelewa upesi jambo linalofuata. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji hukimbilia upande wa kona na kulivuta lori. Ndivyo ulivyo mfuko wa farumi. Ujazwe mpaka usitikisike, au uachwe mtupu. Tena ukae sakafuni. Mfuko uliopandishwa juu ya kiti, hata ukiwa mdogo, hupandisha uzito wa chombo juu, na chombo chenye uzito juu hupinduka kwa urahisi.

Kwa muda mrefu mafundi walilitafuta wimbi kwa kukilaza chombo upande mmoja. Ikiwa mchezaji atateleza upande wa kushoto, mifuko ya kushoto ilijazwa zaidi, abiria nao wakaambiwa waketi kushoto. Wimbi lilipatikana, lakini ubavu wa chombo ulikaribia maji kwa kiasi cha kutisha. Baadaye ikagunduliwa njia nyingine. Maji ya kushoto na ya kulia hukutana nyuma ya tezi na kuvurugana. Bapa likifungwa tezini upande wa kulia na kutokezwa nje kidogo, maji ya upande huo huchelewa kufika, na wimbi la kushoto hubaki safi na refu. Mwaka 2012 kampuni ya Malibu ya Marekani ilitangaza kifaa cha namna hiyo kiendeshwacho kwa swichi. Fundi wa kuchomea vyuma aweza kutengeneza bapa la alumini lenye kazi ile ile na kulifunga kwa skrubu na bawaba. Sisi twaipendelea njia hii ya pili bila kusita, kwa kuwa chombo hubaki kimesimama wima.

Rafadha nayo hubadilishwa. Ile ya zamani ilichongwa kwa ajili ya mbio, na ikipewa chombo chenye nusu tani ya maji humfanya dereva aikamue injini pasipo mwendo. Huwekwa nyingine ambayo mapanga yake yana mteremko mdogo zaidi. Ni sawa na dereva wa Kabale anayeingiza gia ndogo kabla ya kupanda mlima: kasi ya juu hupungua, nguvu ya kusukuma huongezeka.

Kabla ya hayo yote yafaa chombo kikaguliwe mifupa yake. Motaboti nyingi za faibaglasi za miaka hiyo zina mihimili ya mbao iliyofunikwa ndani, na baadhi zina povu gumu chini ya sakafu. Maji yakiingia kwa tundu la skrubu, mbao huoza kimya kimya na povu hunywa maji kama sifongo. Fundi hugonga sakafu kwa mpini wa nyundo na kusikiliza; palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti ya boga. Njia ya hakika zaidi ni kuipeleka motaboti juu ya mizani ya malori pamoja na trela yake, kisha kuipima trela peke yake. Tofauti ikizidi sana uzito ulioandikwa na kiwanda, basi chombo hicho kimekwisha kubeba farumi ambayo hakuna aliyeitia, wala hakuna pampu iwezayo kuitoa. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Na kweli, chochote kinachovuja humo hurudi ngamani. Pampu ya ngama iwe mpya, iwe na waya wake wa umeme na fyuzi yake, isichanganywe na pampu za mifuko.

Kuna vyombo ambavyo havifai kabisa kwa mchezo huu, na hapa twasema pasipo kuficha. Motaboti nyingi zinazoonekana Port Bell, Ggaba na Munyonyo zina injini iliyotundikwa nyuma, na rafadha yake huzunguka nje ya tezi. Mchezaji aliye mita mbili kutoka hapo akianguka mbele, mapanga yatamfikia kabla dereva hajageuza shingo. Motaboti ifaayo ni ile yenye injini ndani na rafadha iliyofichika chini ya tumbo, mbele ya tezi. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya vyombo vya kwetu imekwisha kutolewa katika hesabu, hata kama mwenyewe ana fedha na fundi ana ufundi.

Tena kuna moshi. Injini ya petroli hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na chombo kizito kiendacho polepole huivuta hewa hiyo ikazunguka tezini, pale pale alipo mchezaji. Huanza kuumwa kichwa, hulegea, kisha huzimia majini. Mafundi wengine huunganisha bomba la kuupeleka moshi chini ya maji. Hata hivyo mtu asikae juu ya ubao wa tezini injini ikiwa inanguruma.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Tarehe 24 Novemba 2018, katika Wilaya ya Mukono, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama karibu na ufuo kikiwa na watu wengi kupita kiasi chake, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kilikuwa kikuukuu, tena hakikuwa na leseni. Maboya ya kuvaa yalikuwamo, lakini wengi hawakuyavaa. Mashua za wavuvi zilizokimbilia kuokoa nazo zilizidiwa na watu waliozirukia. Hakuna aliyetia mfuko wa maji katika chombo kile. Watu wenyewe ndio waliokuwa mzigo. Lakini ziwa halitofautishi kilo ya mtu na kilo ya maji, na mwenye motaboti yenye idhini ya watu wanane, akiisha kutia lita 400 za farumi, nafasi za abiria watano hivi amekwisha kuzitumia. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 yataka chombo kiandikishwe na kipewe leseni. Ni wajibu wa askari kukihesabu kwa macho yaonayo hata kilichofichwa chini ya viti.

Wimbi likiisha kumfurahisha mchezaji haliishi. Hulitafuta pwani. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliotolewa mwaka 2022 ulipendekeza vyombo vya mchezo huu vikae zaidi ya futi 500, yaani mita 150 hivi, kutoka ukingoni, ili mawimbi yake yapungue nguvu. Na jimbo la Vermont likaweka umbali huo huo katika kanuni zake za mwaka 2024, pamoja na kina kisichopungua futi 20. Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Ghuba karibu na Kampala ina vina vidogo, Ggaba huchotwa maji ya kunywa ya jiji, na mtumbwi wa mvuvi una ubavu wa kiganja kimoja tu juu ya maji. Wimbi linaloonekana zuri nyuma ya tezi laweza kumnyang'anya mvuvi nyavu zake na maisha yake, naye hata hakuombwa kushiriki mchezo. (Kichocho nacho kimo katika maji ya ukingoni, hiyo ni sababu nyingine ya kukaa mbali.)

Askari wa doria akipanda motaboti ya namna hii, aulize kwanza farumi iko wapi na ni lita ngapi. Apime kwa kiganja umbali uliobaki kutoka maji hadi ukingo wa chombo, tezini na katika kila ubavu. Ajaribu pampu ya ngama kwa kuiwasha, si kwa kuambiwa kwamba yafanya kazi. Kisha aukanyage ukingo kwa mguu mmoja, auachie, na kutazama. Chombo chenye utulivu huinuka mara moja. Kikikawia, kikarudi kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini, basi uzito uko juu au maji yanatembea ndani. Kifungwe gatini, mifuko ifunguliwe, na abiria wangoje nchi kavu mpaka tone la mwisho litoke.