Miwani ya Jua na Macho ya Watoto: Maswali ya Akina Mama wa Arua na Koboko

Katika mitaa ya Arua, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, mchuuzi wa miwani ya jua hatafutwi. Yeye ndiye huwatafuta wanunuzi, akiwa amebeba ubao wake uliopangwa miwani ya kila rangi, akipita vituo vya magari na vibaraza vya maduka. Huko Koboko nako, karibu na mahali mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana, biashara ni hiyo hiyo. Bei huwa ni shilingi elfu chache tu, baada ya maneno mawili matatu ya kupunguziana. Kwa hiyo miwani hiyo imekuwa ya watu wote: mwendesha boda boda, askari polisi anayesimama njia panda tangu asubuhi, mama muuza mihogo, mwalimu, na muuguzi anayerudi nyumbani kutoka zamu ya usiku.

Ununuzi huo hauna ubaya wowote. Shida huanza mama mfanyakazi anapotaka kujua kama miwani aliyoinunua inamlinda, na kama itafaa kumnunulia mwanawe mfano wake.

Yafaa kwanza kulijua jua lenyewe. Arua iko nyuzi tatu hivi kaskazini mwa ikweta, mahali penye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, na katika miezi mingine haliendi mbali sana na hapo. Pamoja na mwanga tunaouona, jua huleta miali isiyoonekana iitwayo urujuanimno, na kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo miali hiyo inavyozidi nguvu. Mawingu hayaizuii yote. Mara nyingi miali hiyo haiumizi jicho kwa siku moja; huingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ni miongoni mwa mambo yanayoharakisha mtoto wa jicho na kuota kwa kinyama kwenye weupe wa jicho. Watoto wamo hatarini zaidi, kwa kuwa lenzi ya jicho la mtoto hupitisha sehemu kubwa ya miali hiyo kuliko lenzi ya mtu mzima.

Hapo ndipo kosa la wanunuzi wengi linapojitokeza. Watu huchagua miwani kwa weusi wake, wakidhani kwamba iliyo nyeusi zaidi ndiyo yenye kinga zaidi. La hasha. Weusi hupunguza mwanga unaoonekana, bali urujuanimno huzuiwa na aina ya plastiki yenyewe au na dawa iliyotiwa kiwandani. Kioo cheupe kabisa cha polikaboneti huzuia karibu miali yote hiyo, na kioo cheusi tititi cha plastiki hafifu huweza kuiachia ipite. Tena kuna hila ya maumbile. Penye giza mboni ya jicho hupanuka ili ipate mwanga wa kutosha. Mtu aliyevaa miwani nyeusi isiyo na kinga amelidanganya jicho lake: limefungua mlango, na mwizi yuko nje. Pasipo miwani angalau angekunja uso na kufumba macho nusu.

Mama afanyeje basi, naye fedha yake imekwisha kugawanywa kati ya unga, karo na sabuni? Alama ya kutafuta ni herufi UV pamoja na tarakimu 400, maana yake kinga inafika hadi nanomita 400, ambako urujuanimno unakomea. Hata hivyo karatasi ya gundi yaweza kubandikwa na mtu yeyote, na wachuuzi wengine huuza wasichokijua. Maduka ya miwani yenye wataalamu huwa na chombo kidogo cha kupima kinga hiyo, na kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Ni vyema kuuliza. Jaribio jingine halihitaji chombo. Ishike miwani mbali na uso, mkono ukiwa umenyooshwa, kisha utazame kupitia kioo chake mstari ulionyooka, kama vile mwimo wa mlango, huku ukiisogeza polepole. Mstari ukijipinda kama nyoka, miwani hiyo itakuletea maumivu ya kichwa. Fremu iliyo pana, inayofunika pembeni, ni bora kuliko ile nyembamba ya urembo.

Kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu, kofia yenye ukingo mpana itangulie. Kofia haina udanganyifu wa alama, huvaliwa na mtoto bila ugomvi mkubwa, na hukinga uso na shingo pia. Hata miwani duni haikosi kazi: abiria wa pikipiki huihitaji kwa vumbi na wadudu. Ila anayesafiri usiku aivue, na dereva hasa.

Maswali kuhusu watoto ni mengi, na si yote yanayohusu miwani. Mama anayeuza sokoni humweka mtoto mchanga kando yake au humfunga kwa mbeleko mgongoni. Mtoto aliye chini ya miezi sita hastahili kuachwa juani kabisa, na miwani si jawabu lake. Kivuli ndicho jawabu, iwe cha mwavuli au cha mti, na mama anapogeuka kuhudumia wateja auangalie uso wa mtoto umeelekea wapi. Mtoto wa miaka miwili mitatu anayeng'ang'ania miwani ya mama aweza kupewa yake, mradi iwe na kinga ya kweli na vioo visivyopasuka. Ile ya mchezo, iuzwayo pamoja na vikaragosi, ibaki ya mchezo wa ndani ya nyumba. Mtoto mwenye ualbino ni jambo jingine: kwake kofia na miwani yenye kinga ni mahitaji ya kila siku, darasani na njiani, na mwalimu aelezwe ili wenzake wasimcheke.

Mwanafunzi anayekunja macho kutazama ubao huenda haoni mbali. Huyo asinunuliwe miwani ya jua wala asiazimwe miwani ya babu. Apimwe macho, na wakati anasubiri aketishwe mbele.

Swali linalorudi kila kiangazi ni la macho mekundu yanayowasha. Mtoto huyafikicha mchana kutwa, na mama, ambaye zamu yake haimngoji, hukimbilia duka la dawa kununua matone. Mara nyingi ugonjwa ni mzio, unaochochewa na vumbi, na kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi humtuliza mtoto. Matone mengine yana steroidi. Hayo huondoa wekundu upesi ajabu, na ndiyo maana hupendwa; lakini yakitumiwa miezi mingi bila mganga kuangalia, huweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea, au kuleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye hajafika hata darasa la nne. Upofu wa namna hiyo hauna maumivu ya kuonya. Maziwa ya mama na maji ya majani nayo yasitiwe machoni. Na kumvisha mtoto miwani nyeusi ili wekundu usionekane na majirani ni kuuficha ugonjwa, wala si kuutibu.

Lipo pia jambo ambalo halipasi kusubiri hata wiki moja. Mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka mitano, akionekana ana weupe unaong'aa katikati ya mboni, mahali panapostahili kuwa peusi, au akianza ghafla kuwa na makengeza, apelekwe hospitali. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye watoto pia humpata. Huenda ni saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika na maisha ya mtoto huokolewa, na ikicheleweshwa hufika ubongoni. Familia za Arua na Koboko zianzie Hospitali ya Rufaa ya Arua. Matibabu ya saratani hiyo yanapatikana katika hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, upande wa pili wa nchi, na ndiyo sababu siku zinazopotezwa nyumbani ni ghali.

Weupe huo mara nyingi hauonekani mchana. Huonekana katika picha iliyopigwa kwa taa ya simu: jicho moja limetoka jekundu au jeusi kama kawaida, jingine limetoka jeupe kama la paka usiku. Askari aliye kazini mbali, anayetumiwa picha za mwanawe kila mwisho wa juma, aweza kuwa wa kwanza kuliona. Akiliona, ampigie mama simu usiku huo huo.