Ini, Mapafu na Panga la Kupogolea

Mkulima wa kakao wa Busale, wilayani Kyela, hahitaji kuelezwa maotea ni nini. Mti ukiachwa msimu mmoja tu, machipukizi yanapanda kutoka shinani, matawi yanasongamana, kivuli kinakuwa kizito na matunda yanaoza meusi kabla ya kuiva. Nguvu ya kukua mti unayo tele. Unachokosa ni mtu wa kuuambia basi.

Mshipa wa damu nao una mpogoaji wake. Ni protini iitwayo BMP9, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ini, ikamwagwa kwenye damu na kufika mapafuni. Huko hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za utando wa ndani wa mshipa, kimojawapo kikiitwa BMPR2. Seli ikishapata ujumbe huo hutulia: haizaliani ovyo, haifi ovyo, haivujishi. (Jina la ukoo huu linapotosha kidogo. Herufi BMP zinasimamia protini za kuunda mifupa, kwa sababu Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, ndiye aliyeibua habari zake mwaka 1965. Kazi ya protini hizi kwenye mishipa ilikuja kujulikana baadaye sana.)

Upande wa pili kuna activini, protini zinazohimiza seli ziongezeke. Mshipa mzima ni ule ambao hawa wawili wanavutana bila mmoja kumwangusha mwenzake. Mwaka 2000 watafiti walibaini kwamba familia nyingi zinazorithishana shinikizo la juu la damu la mapafu zina kasoro kwenye jeni ya BMPR2. Mpogoaji anaita, mlango haufunguliwi. Mishipa midogo ya mapafu hunenepa kwa ndani mpaka njia ya damu inabaki nyembamba mno.

Kawaida wastani wa shinikizo kwenye mshipa mkuu wa mapafu ni kama milimita 14 za zebaki. Ukivuka 20, huo ni ugonjwa. Aliyezoea kupimwa presha mkononi na kuambiwa 120 ataona 20 si kitu. Lakini upande wa kulia wa moyo una ukuta mwembamba, haukuumbwa kusukuma mzigo. Hutanuka, kisha huchoka. Mwenye ugonjwa huu anahema akipanda mlima mdogo tu, miguu inavimba, siku nyingine anaanguka na kuzimia. Mtaani wataita pumu, au watasema ni uzee.

Lakini ugonjwa huu hauletwi na jeni peke yake. Sasa tuje kwenye maji, maana Kyela ni nchi ya maji. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinaishia Ziwa Nyasa, na Ziwa Nyasa linajulikana miaka mingi kwa kichocho. Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi dume na jike wamekumbatiana ndani ya mishipa ya utumbo, na jike hutaga mayai kila siku, kila yai na mwiba wake ubavuni. Yasiyotoka na choo hubebwa na damu hadi kwenye ini. Miaka ikipita ini hujaa makovu, damu hujitafutia vichochoro vya kulikwepa, na mayai hupenya hadi mapafuni. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba huko huamshwa TGF-beta, ndugu wa activini katika kuhimiza ukuaji. Ni wagonjwa wachache tu wanaofikia hatua hiyo ya kupata shinikizo la mapafu.

Ila tazama ni kiungo gani kimeumia: lile lile ini linalotoa BMP9. Kwa watu wenye ini bovu waliopata pia shinikizo la mapafu, BMP9 imepimwa ikakutwa imepungua. Mimi hapo ndipo naliona shamba lililopandwa magugu siku ile ile mpogoaji alipougua.

Marekani iliidhinisha sotatercept Machi 2024, dawa ya sindano inayonasa activini kabla hazijafika kwenye seli. Katika jaribio la watu 323 lililochapishwa mwaka 2023, waliochomwa waliongeza mwendo wa dakika sita kwa takriban mita 40 kuliko wenzao. Ni hatua kubwa, hasa kwa mtu ambaye choo cha uani kimekuwa safari. Chupa moja ilitangazwa kwa dola 14,000, na sindano ni kila baada ya wiki tatu. Wenye shinikizo lililotokana na kichocho hawakuruhusiwa kuingia kwenye jaribio hilo, na hilo linaniudhi kuliko bei.

Kidonge cha prazikwanteli huua minyoo, hakifuti kovu lililokwisha kujengeka mapafuni. Kwa hiyo wakati ni kila kitu. Siku ya kugawa dawa hiyo shuleni hakuna mizani: mtoto anavua viatu, anaegemeza mgongo kwenye mti uliochorwa mistari, mwalimu anaweka kiganja juu ya utosi na kusoma pale kinapoangukia. Mstari huo ndio unaosema ni vidonge vingapi, na nusu ngapi.